Mwanamke Aliyesimamisha Treni

Harufu ya petroli inapochanganyika na moshi wa jenereta hunirudisha mahali pamoja tu, na mahali penyewe si pa heri. Safari hii ilinikuta Busawe, msibani, nikiwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu wa makamo, siku moja baada ya kumzika Robhi. Vijana walikuwa wamewasha jenereta ili watu wachaji simu, na katika chumba cha pembeni watoto walikusanyika mbele ya televisheni wakitazama mojawapo ya picha hizi za siku hizi, ambamo msichana mwenye nguvu zisizo za kawaida anaokoa mji mzima. Wasichana walipiga makofi, wavulana wakazomea. Mzee mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha uji, alisema, "Mwanamke wa namna hiyo hayupo." Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo akamjibu, "Hayupo kwa sababu tumemzika jana, mzee." Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Mimi sikucheka.

Robhi alikuwa mke wa mjomba wangu, na mjomba wangu huyo hakuwahi kuzaliwa.

Wenzangu wa rika langu kutoka Tarime hawahitaji maelezo, lakini wapo waliokulia mbali nasi. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Nyamwaga wakati wazazi wangu wakihangaika na kazi mjini, alizaa mabinti watupu. Kwa mila yetu Wakurya, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi izimike. Mama mwenye nyumba huchukua ng'ombe walioingia binti yake alipoolewa, naye huwatoa ng'ombe hao kumwoa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo huitwa mokamona, yaani mke wa mwana. Mwana mwenyewe hayupo. Watoto wakizaliwa ni wajukuu wa mama yule, nao hubeba jina la nyumba yake. Mwanamume wa kuwazaa huchaguliwa na wenye nyumba. Huja, huondoka, na juu ya watoto hana neno.

Hayo ninayajua leo. Wakati ule niliambiwa tu, "Huyu ni mke wa mjomba wako," nami, kama mtoto yeyote mwenye akili timamu, nikamngoja mjomba. Niliamini yuko machimboni, kwa sababu wajomba wa wenzangu walikuwa machimboni. Jioni nilibakiza kiazi kimoja pembeni ya sahani kwa ajili yake. Bibi aliniona nikifanya hivyo na hakunikataza; asubuhi kiazi hakikuwapo, nami nikahesabu kwamba mjomba alipita tukiwa tumelala.

Robhi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye mkono mzito wa jembe na sauti nyepesi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mwita, ambaye nilimbeba mgongoni mwangu tangu alipokaza shingo. Mwanamume aliyechaguliwa kuja kwake aliitwa Marwa, mtu wa boma la jirani, mwenye kicheko kikubwa na buti za mpira. Mimi nilimchukulia Marwa kuwa mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamemchoka. Nilimwona Robhi akiacha kuzungumza buti zile zilipokanyaga uwanjani. Nilimwona pia akichukua mchi wa kinu wakati wa kulala na kuukingamiza nyuma ya mlango wake. Nilidhani anawaogopa fisi. Kisha siku moja nilimkuta Bibi ameutoa mchi ule chumbani mwa Robhi na kuurudisha jikoni. "Mchi ni wa kutwangia," alisema, akiwa amenipa mgongo, na sauti yake haikuwa ya ukali. Robhi alikuwa akikoka moto. Aliongeza kuni. Nami nilijiambia kwamba fisi wameondoka.

Siku za gulio palikuwa na kibanda cha picha nyuma ya maduka, chenye kuta za udongo na mabati, na jenereta lililofungwa kwa mnyororo kwenye mti kama mbwa mkali. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi yaliyokunjwa. Kando ya televisheni alisimama kijana mwembamba mwenye fimbo, aliyeitwa Mkalimani na wakubwa kwa wadogo. Kazi yake ilikuwa kutuambia kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kikurya, maneno ambayo wazungu wa kwenye picha walikuwa wakisema. Kwa kawaida kibanda kilikuwa cha wanaume. Lakini gulio moja ubao wa nje ulikuwa umeandikwa kwa chaki kwamba leo shujaa ni mwanamke, na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi na dagaa walifunika bidhaa zao kwa khanga wakaingia. Robhi aliingia pia, Mwita akiwa mapajani mwangu, kwa kisingizio kwamba nje kulikuwa na jua kali.

Picha yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwanamke mmoja, mfuaji nguo wa hospitalini, alipigwa na radi, na tangu hapo mwili wake ukawa na nguvu za ajabu. Alivaa kitambaa cha njano begani. Treni iliyokatika breki ilikuja mbio kuelekea sokoni, naye akasimama katikati ya reli, akanyoosha kiganja, na treni ikasimama.

Kibanda kililipuka kwa kelele.

"Mkalimani," aliita mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango, "huyo ni mwanamke kweli, au wamemvika gauni mwanamume?"

"Wewe Ryoba," mama wa dagaa akamjibu kutoka kona ya pili, "kuni anazobeba mkeo huwezi kuziinua kutoka chini. Wewe nani alikuvika suruali?"

"Sawa, anasimamisha treni. Ugali anapika saa ngapi?"

"Akishasimamisha treni, anarudi kukusimamishia njaa yako. Wa namna hiyo hujawaona wangapi?"

Tulicheka wote, wanaume na wanawake, na mimi niliona kwamba dunia ni mahali pazuri. Kisha ikafika sehemu ambayo mkuu wa mji ule, mtu mwenye nishani kifua kizima, alimwita yule mwanamke mbele ya askari na kumwamuru apige magoti, ili tangu siku ile nguvu zake ziwe mali ya serikali. Mwanamke akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

Sote tukamgeukia Mkalimani. Fimbo ilikuwa ikining'inia mkononi mwake. Halafu akasema polepole, kwa sauti isiyokuwa ile yake ya mbwembwe, "Anasema: mimi sikuletwa hapa kwa ng'ombe za mtu."

Nimekaa katika kumbi nyingi tangu siku ile, lakini sijaona tena sentensi moja ikiwapasua watu namna hiyo. Wanawake walipiga vigelegele, na mama wa dagaa alisimama juu ya gunia lake. Wanaume walipiga mluzi na kugonga mabati. "Hiyo siyo picha, hiyo ni siasa," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Zima, unatuharibia wake." Marwa alikuwa miongoni mwao, akicheka kicheko chake kikubwa, ingawa sasa alikuwa akitazama upande wetu. Nami nikamgeukia Robhi ili tupige makofi pamoja, nikakuta analia. Hakutoa sauti. Machozi yalishuka yakafika kidevuni, naye hakuyafuta.

Nikamhurumia, nikamwambia kwa kumliwaza, "Usiogope, hawatamwua. Ana nguvu."

Bibi hakukanyaga kibandani. Alisema ni mahali pa moshi na wavivu. Lakini alikuwa mtu wa hadithi, na kila niliporudi alinitaka nimsimulie. Kwa hiyo jioni ile, tukichambua ulezi kwenye ungo huku Robhi yuko mtoni akiteka maji, nilimsimulia radi, reli na kiganja, nikasimama mwenyewe na kunyoosha mkono ili aone. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwa mtu wa nishani, nilizidisha sauti ili nimfurahishe zaidi. Nikatamka maneno yale kama nilivyoyasikia. Nikaongeza, kwa kuwa niliona ni jambo la ajabu, "Na mke wa mjomba akalia."

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya ungo. "Alilia wapi?" aliuliza.

"Palepale. Mwanamke aliposema hivyo."

Bibi aliutazama ulezi kwa muda, kana kwamba katika punje zile kuna moja ambayo hakuitambua. Kisha akasema imetosha, niende nikamfungie ndama. Tangu jioni ile hakuniomba hadithi tena, na mimi nilielewa kwamba amekasirika. Nilitafuta kosa langu. Nilidhani ni sauti niliyoizidisha, au ni picha yenyewe ambayo haikufaa kuingizwa ndani ya nyumba. Nilipompelekea maji ya kunawa alinishukuru bila kunitazama, na mtoto hana jina jingine la kutotazamwa isipokuwa hasira.

Gulio lililofuata Bibi alivaa gauni lake la kanisani, akafunga khanga mbili, akamwambia Robhi, "Twende." Mimi na Mwita tukawafuata. Alipoinama kuingia kibandani, wanaume walikatisha mazungumzo yao, wakainuka mmoja baada ya mwingine. "Shikamoo, mama." "Shikamoo, bibi." Ryoba mwenyewe alimwachia gunia lake. Bibi alijibu marahaba zote bila haraka, akakaa mbele kabisa, akamtaka Mkalimani aweke ile picha ya mwanamke.

"Mama, ile watu wameshaiona," Mkalimani alisema.

"Mimi sijaiona."

Ikawekwa. Safari hii hakuna aliyetania. Treni ilisimama katika ukimya, na kilichosikika ni jenereta tu. Mtu wa nishani akaja, akaamuru, na mwanamke wa kitambaa cha njano akasema maneno yake machache kwa sauti ya chini. Mkalimani akakohoa. "Anasema," alitamka, huku akitazama ncha ya fimbo yake, "anasema, nimekusikia, mkubwa, naomba nikafikirie."

"Sivyo alivyosema," mama wa dagaa alisema kutoka nyuma.

"Ndivyo."

"Sivyo, wewe. Gulio lililopita alisema mengine. Au na yeye ameogopa wakwe?"

Watu wachache wakacheka, wakaacha. Bibi aliinua mkono, naye Mkalimani akaisimamisha picha. Mwanamke yule akabaki kwenye kioo, midomo wazi, akitetemeka kwa mistari myeupe.

"Mwanangu," Bibi alimwambia kwa upole, "sikuja kukugombeza. Nataka kujua tu huyu mtu anasema nini."

Mkalimani aliangalia mlango, akaangalia watu, na nafikiri hakuona pa kupitia. "Mama, ukweli sijui," alisema. "Kiingereza changu ni cha darasani, na darasani sikukaa sana. Mara nyingi natazama sura ya mtu, halafu naweka maneno."

"Na yale ya ng'ombe uliyatoa wapi?"

Alishusha fimbo. "Nyumbani," alisema. "Mama yangu aliolewa na mwanamke, kama mke wa mwana. Aliwahi kuyasema, akiwa peke yake jikoni. Mimi nilikuwa mdogo."

Marwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje akiwa ameinamisha kichwa. Bibi aliendelea kumtazama mwanamke wa kwenye kioo, na Robhi, aliyekaa nyuma yake kwa hatua moja, alikuwa akiutazama mgongo wa Bibi. Mimi nilikuwa kati yao nikiwa na Mwita, na nilichokiona peke yake ni kwamba picha imeharibiwa.

Jioni ile Bibi alichukua mchi kutoka jikoni, akaubeba kwa mikono miwili, akauweka nyuma ya mlango wa Robhi. Asubuhi alimtuma mtu kwa Marwa kumwambia asije tena. Niliamini fisi wamerudi.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wanafunzi wangu kuhusu dhamiri. Hayakuishia hapo. Baada ya mavuno Robhi alipiga magoti mbele ya Bibi, akamwambia anaondoka. Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Bibi hakumlaumu. Alimwambia ng'ombe hatawadai, na kama baba yake atamfukuza, aseme yeye ndiye aliyemruhusu. Kisha akasema, "Lakini mtoto ni wa nyumba."

"Mama," Robhi alisema.

"Wazee hawatakubali. Na mimi sina mwingine."

"Mama, bado ananyonya."

"Atakunywa maziwa. Nyumba hii ina maziwa."

Bibi alifika nusu ya haki akachoka. Sisemi hivyo kumhukumu kutoka mbali. Nasema kwa sababu nimeona watu wengi, wasomi na wasiosoma, wakichokea hapohapo na kuiita nusu ile haki nzima.

Siku ya kuondoka Bibi aliniita, akamfunga Mwita mgongoni mwangu kwa khanga, akalikaza fundo kuliko siku zote. Aliniambia nimpeleke mtoni nikamchezeshe, nisirudi mpaka niitwe. Niliona ni zawadi. Tulirusha kokoto, tukawafukuza panzi, na nilimfundisha kunyoosha kiganja kusimamisha maji. Kutoka kule bondeni nilimwona Robhi akipita kwenye njia ya juu, furushi kichwani, akitembea katikati ya mabua makavu ya mahindi. Alisimama. Alitazama upande wetu. Nilimpungia mkono kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu: amekwenda kumfuata mjomba machimboni, na wakirudi watarudi pamoja.

Kwa wiki kadhaa niliendelea kubakiza kiazi. Jioni moja Bibi alikisukuma kurudi katikati ya sahani yangu, akasema, "Kula, mwanangu. Hakuna anayekuja." Ndipo nikajua ni nani alikuwa akivila vyote vile, au akivitupa, ili mimi niendelee kuamini. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliishi kimya. Mtoto alipolia alikuwa wa kwanza kuinuka, hata magoti yalipokuwa yamekataa. Mchi ule hakuugusa tena. Alikwenda kutwangia kwa jirani. Nami nilikua nikiamini kwamba ananikasirikia kwa ajili ya picha, na niliapa moyoni kutosimulia kitu tena. Pengine ndiyo sababu nimekuwa mtu wa vitabu vya wengine. Ilinibidi nifike utu uzima, nijue aibu yangu mwenyewe inavyoukaza uso, ndipo niitambue sura ya Bibi. Haikuwa hasira hata siku moja.

Na aibu yangu ni hii. Ng'ombe waliomleta Robhi ndio waliotolewa kwa ajili ya mama yangu. Baba yangu aliwaswaga mpaka uwanjani kwa Bibi, na kwa ng'ombe walewale mimi nikapata wazazi, na Robhi akapata mlango wa kukingamizia mchi. Nimesimama mara nyingi katika mikutano ya wazazi kulaani mila zinazomfanya mwanamke kuwa kitu cha kubadilishana. Nimelaani kwa Kiswahili fasaha. Sijawahi kusimama nikasema nililelewa katika nyumba ipi, wala kwamba nilikula ulezi uliopaliliwa na nani.

Robhi alikwenda Serengeti, akaolewa Busawe na mtu aliyemchagua mwenyewe, akazaa watoto wengine. Habari zake zilitufikia kwa vipande. Nilipopata taarifa ya kifo nilimchukua Mwita, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza ndevuni, tukaenda. Makaburini Mwita aliwekwa nyuma pamoja na wageni, kwa kuwa kwa hesabu ya ukoo yeye ni wa nyumba ya Bibi na si wa marehemu. Alitupa udongo wake akiwa wa mwisho, akajipangusa mikono.

Kwa hiyo jioni ile pale mkekani, kelele za watoto zilipozidi, binti mkubwa wa Robhi alikuja kutuomba radhi. Nilimwambia awaache. Akakaa karibu yetu, akamgeukia Mwita kwa ile haya ya ndugu wanaokutana ukubwani.

"Mama hakuzipenda hizi picha mpya," alisema. "Alisema yeye ameiona moja, inatosha. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo, mpaka tukaikariri. Ya mwanamke aliyesimamisha treni kwa kiganja. Wakamwambia piga magoti, akakataa, akaenda zake mbali. Halafu mwishoni kabisa anarudi kumchukua mtoto wake."

Mwita akanigeukia. "Dada, wewe ulikuwapo. Ndivyo ilivyoishia?"

Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba uongo hauna udogo. Nilimkumbuka Mkalimani, fimbo mkononi, akitafuta mlango. Picha ile niliiona mara mbili, na mwishoni yule mwanamke alisimama juu ya paa peke yake, mkanda ukakwaruza, ikawa basi.

"Hapana," nilimwambia. "Katika picha ile hapakuwa na mtoto. Huyo mtoto, mama yako ndiye aliyemweka."

Aliinama akitazama viganja vyake. Halafu akainuka, akavua viatu mlangoni, akaingia katika chumba cha watoto na kukaa chini katikati yao. Nilimsikia msichana mmoja akimwambia, "Sogea, mjomba, tunakaribia mwisho." Nami nilibaki nje na harufu ile ya petroli, kwa kuwa mgongo uliomteremsha mtoni siku ile mama yake alipoondoka ulikuwa wangu.